Kabla hujaingia studio, andikeni nani katunga nini

Vijana wa Kisauni na Likoni mnanitumia voisi noti za nyimbo zenu kila siku, "dada sikiza hii, itahiti?" na mimi hupenda sana kusikiza wallahi, lakini swali langu la kwanza huwa si hilo. Mimi huuliza, hii umetunga na nani, na mumeelewana vipi?

Nauliza kwa sababu nilichomeka. Wimbo wangu wa kwanza kupigwa redioni niliutunga mwenyewe kwa daftari, kiitikio na beti zote mbili, wakati huo naimba mahoteli ya Bamburi wikendi na harusi za hapa na pale, pesa ya studio sina. Prodyuza mmoja akaniambia njoo turekodi, mambo ya pesa tutaelewana baadaye. Nikaenda mbio. Wimbo ukatoka, redio za Pwani zikaupiga, watu wakauweka skiza, ule mlio anaousikia anayekupigia simu, siku naenda kufuatilia changu naambiwa umesajiliwa mtunzi ni yeye, mimi ni mwimbaji tu. Ushahidi wangu ni lile daftari, na daftari lilirowa mvua za Aprili kurasa zikashikana. Nililia siku tatu. Mpaka leo wageni huniomba huo wimbo hotelini, nauimba, naondoka na hela ya shoo basi.

Sasa elewa hapa vizuri maana ndipo wengi tunapopotelea. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna ile rekodi yenyewe iliyotoka studio. Prodyuza akigharamia kurekodi anaweza kudai rekodi, sawa, lakini utunzi haumhamii kwa sababu tu maikrofoni ni yake. Na sheria ya Kenya inalinda utunzi maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa, kwa hivyo ukisema "aah chukua tu" unagawa mpaka cha wanao na wajukuu.

Na hii si shida ya sisi wadogo peke yetu. Malaika, wimbo ambao Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuzungusha dunia nzima, Mkenya Fadhili William aliurekodi na akahesabiwa ndiye mtunzi, Mtanzania Adam Salim akasema ni wake, na wengine pia wakadai. Fadhili alifariki 2001 na watu bado wanabishana. Lakini Jambo Bwana ya hawa wetu wa Mombasa, Them Mushrooms, ilitoka 1982 na ukiuliza mtunzi unaambiwa Teddy Kalanda Harrison.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Melodi ikinijia narekodi kwa simu hapo hapo, popote nilipo. Kuna moja ilinijia juu ya feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, nimebanwa katikati ya watu na mikokoteni, ukiisikiza leo unasikia injini inanguruma na jamaa anapiga kelele "kando kando mzigo!" na mimi chini chini naimba kiitikio. Miezi baadaye tukazozana na mwenzangu niliyemshirikisha, anasema kiitikio alikuja nacho yeye studio. Nikamchezea ile rekodi, tarehe iko pale kwa simu, na feri yote mle ndani. Akanyamaza, tukagawana vizuri na mpaka leo tunafanya kazi pamoja.

Ikishakamilika nenda ukaisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, hata kama haki ni yako tangu siku uliporekodi ile cheti inakusaidia mkifika mbele ya watu. Na uwaulize hao hao ni chama gani cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wimbo wako unapotumika, kina leseni mwaka huo, maana leseni hubadilika, usijiunge kwa kusikia.

Halafu kabla sijashika maikrofoni natuma meseji, sioni haya kabisa, prodyuza awe rafiki awe shemeji. Kopi hii: "Leo tunarekodi wimbo fulani. Maneno na melodi ni yangu, biti ni yako. Utunzi, tukihesabu na biti yako, mimi asilimia 70 wewe 30. Ukikubali jibu NDIO." Hizo namba mnapanga nyinyi. Asipojibu, mdogo wangu, keti nje hapo kwa benchi usubiri mpaka ajibu.