Barua kwa mwanangu: yale masale ya mpakani

Marangu

Mwanangu,

Krismasi uliniuliza, fundi akiwa ameshashusha matofali: "Mama, haya masale ni mimea tu, yana nini hata nisijenge ukuta?" Nikanuna, ukarudi Dar bila jibu. Wageni walikuwa mlangoni na ng'ombe hajakatiwa majani. Leo mvua imenifungia ndani, nakujibu.

Unajua kihamba chetu, shamba hili la nyumbani, kilivyo. Miringaringa juu, migomba chini yake, kahawa imejibana katikati, magimbi kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Mgeni akipita huona msitu tu, hajui kwamba amekatiza kwa watu wanne. Sisi tunajua, kwa sababu ya masale. Yale ya upande wa chini babu yako aliyapanda pamoja na baba wa jirani, wazee wa ukoo wakitazama. Bikoni na hati tumezijua juzi. Isale ukilikata linachipua, kwa hiyo anayetaka kuusogeza mpaka sharti aling'oe na mizizi, na shimo linabaki likimsema. Ndiyo hayo hayo uliyoyaona kaburini kwa babu.

Hayo labda uliyajua. Hili sikuwahi kukuambia.

Ulipokuwa darasa la pili niligombana na mama wa pale chini kwa ajili ya maji. Mfongo ni wa zamu, na alfajiri ile zamu ilikuwa yetu. Nilifika na jembe nikakuta kahawa yangu kavu, maji yanamwagika kwake. Nikamtukana mbele ya watoto wake, maneno ambayo siyaandiki. Kumbe ukingo ulikuwa umebomoka huko juu usiku, maji yakajiendea yenyewe. Niliambiwa siku ile ile. Nikaona aibu, na aibu ikanifanya mkaidi zaidi.

Miezi minne hatukusalimiana. Tulikuwa tukishuka pamoja tambarare kukata majani ya ng'ombe, ananitwika namtwika. Miezi hiyo nilijitwika mwenyewe, nikiegemeza mzigo kwenye kichuguu kama mwizi.

Baba yako hakunisema hata neno. Jioni moja alichuma jani la isale pale mpakani, akalipiga fundo, akaniwekea mkononi, akarudi kukamua. Nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea mlangoni kwake. Nikanyoosha jani. Aliyeletewa isale kuombwa radhi hakatai. Wazee walimwogopa anayelikataa kuliko aliyekosa. Akalitazama sana, na mimi nikitazama miguu yangu. Kisha akalipokea, akanimiminia mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata. Ilikuwa chungu, alizidisha gamba la mti wa msesewe. Nikanywa yote.

Kesho yake alinitwika.

Wewe ni kitinda mimba, nyumba hii ni yako na sitakuamulia kila kitu. Lakini ukuta ukisimama pale, siku ukimkosea mtoto wa yule mama utachuma wapi? Utamgongea geti?

Matofali nimeyafunika kwa majani ya migomba. Banda la ng'ombe limeoza nguzo mbili upande wa mvua, na fundi anasema yanatosha. Mwambie mwenyewe, mimi hanisikii. Na ukija Pasaka, pita kwanza pale chini usalimie. Mama yule anakuuliza kila Jumapili.

Mama yako