Shangazi Barazani: Mrudishie Mama Ufagio Wake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, niko Dodoma tangu wizara yetu ilipohamia huku mwaka 2017. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Pangani, sasa ni wiki ya tatu. Nilitaka apumzike, maana ametulea watoto sita kwa kuuza vitumbua. Lakini hapumziki. Akishaswali alfajiri anashika ufagio, anafagia uwanja mzima mpaka mbele ya geti la jirani. Dada wa kazi anajiona hana kazi, na majirani najua wanasema namtumikisha mzazi. Juzi nikauficha ufagio stoo. Hakusema kitu. Jana kaniuliza nauli ya basi hadi Tanga ni shilingi ngapi. Nimekosea wapi?
Binti wa Pangani, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekosea hapo stoo.

Utoe huo ufagio leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Nina hakika ni wa chelewa, na nina hakika zaidi kwamba kaja nao mwenyewe kwenye basi, umefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, maana mama wa pwani haamini kama bara kuna ufagio. Mtu aliyebeba ufagio kutoka Pangani hadi Dodoma hakuja kukaa kwenye sofa.

Nayasema haya kwa kuwa kosa lako niliwahi kulifanya mimi. Mwaka 1998 nilimtoa mama yangu kijijini, Muheza, nikamleta kwangu hapa Ngamiani, Tanga mjini. Nilikuwa mwalimu, mshahara umeingia, najiona nimepata. Nikanunua blenda. Mbuzi ya kukunia nazi nikaisukuma uvunguni, nikamwambia, "Mama, mambo ya mbuzi yamekwisha, wewe kaa tu." Akakaa. Akakaa siku nane. Chakula anakisifu, "Kizuri mwanangu," na sahani inarudi nusu. Siku ya tisa natoka kazini namkuta sebuleni, kaketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake hospitali. Nikamuuliza kunani. Akasema, "Kwani mimi humu naumwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaingia uvunguni kutafuta mbuzi.

Lakini kilichomrudisha hasa ni mchele. Siku hizo mchele wa sokoni ulikuja na chuya zake na mawe yake, si kama huu wenu wa kwenye mifuko. Saa kumi alasiri anatandika mkeka mlango wa uani, panapopita upepo, ungo mapajani. Mwanangu, nilikuwa mtu mzima na sijawahi kumtazama mama yangu akichagua mchele! Anauinamisha ungo kwenye mwanga, anausogeza mchele kwa kidole gumba, mstari baada ya mstari, kama anayesoma. Chuya anazikusanya kwenye kiganja cha kushoto. Jiwe analirusha wala haangalii linapoangukia. Kuku walishaijua saa yake, wanajipanga.

Wanangu, ambao kila siku nilikuwa nawasukuma wakakae na bibi yao, wakawa wanajisogeza wenyewe pale mkekani. Mama hakuwa na hadithi mikono ikiwa mitupu. Ukimweka sebuleni ukamwambia atusimulie, atakwambia hana la kusimulia. Mpe ungo sasa. Pale ndipo niliposikia habari za babu yangu akikata mkonge kwenye shamba la Wagiriki, na kile kipande chake, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, alichokuwa akilala nacho kwenye kikunjo cha shuka asiibiwe. Nilikuwa na miaka 36, sijawahi kuambiwa.

Turudi kwako. Vumbi la Dodoma si mchezo, kwa hiyo anyunyize maji kwanza. Geti la jirani aliache, hapo niko upande wako, ingawa sidhani kama atakusikia. Dada wa kazi mwachie ndani, na jioni akae na mama ajifunze kukuna nazi, ujuzi hauozi. Kama daktari kamkataza kuinama, kwa presha au mgongo, basi mtafutie kazi ya kukaa, lakini iwe kazi ya kweli, isiwe ya kumbembeleza. Atajua. Majirani nao waache waseme. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe unakwenda wiki ya tatu kwa mtu ambaye hata mgeni si.

Halafu Ijumaa usiku loweka mchele. Unga wa paketi usiuguse. Jumamosi asubuhi vuta kigoda ukae karibu na jiko, kitumbua cha kwanza ukile cha moto hata kikikuunguza ulimi. Ndipo umuulize kama bado anataka kujua nauli.

SWALI: Shangazi, kila toleo unajibu ya wenzio. Wewe mwenyewe raha yako ni nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndogo, utanicheka. Baada ya magharibi hupita mtaani kwetu kijana wa kahawa akigonga vikombe, unamsikia tangu barabara ya pili. Mume wangu, ambaye nikimwita kula hasikii, hiyo anaisikia. Tunakaa barazani, kila mtu na kikombe chake, kashata moja tunagawana. Yeye ndiye hukata. Hunipa kipande kikubwa, kisha hulalamika kwamba nimechukua kipande kikubwa. Huu ni mwaka wa 41.