Re: Kijana wangu anasema Mungu wa Agano la Kale ni mkatili

Shalom mama. Kwa hiyo kijana kaona klipu TikTok, Mungu wa zamani mkali, wa Yesu mpole, na sasa ibada hataki. Kwanza muulize ni mstari gani hasa uliomkwaza. Vijana wetu hapa Area C walikuja na klipu tu, Biblia hawajafungua! Kisha someni Kutoka 34:6-7 pamoja: huruma na hukumu zimekaa sentensi moja. Yona 4:2 anamnunia Mungu kwa huruma hiyohiyo, Waninawi wamesamehewa. Hoja yenyewe ni kuukuu, mwalimu mmoja wa Kikristo, Marcion, aliihubiri Roma, kanisa likamtenga mwaka 144. Akikutajia Yoshua 6, Yeriko ilipoangamizwa na watu wake, usimdanganye. Hata mimi sina jibu fupi. Simu usimnyang'anye.