Leza kwa ngozi nyeusi: uliza namba ya mashine kabla ya bei

Swali: Daktari, mimi ni mama wa miaka 34, naishi Jinja. Nina nywele nene kidevuni ambazo nimezing'oa kwa kibano kwa miaka mingi, na sasa zimeacha vipele na alama nyeusi. Mashavuni nina madoa yaliyozidi baada ya kutumia krimu za kujichubua. Saluni moja ya Kampala imeniambia kwamba mashine yao ya leza itaondoa nywele na madoa kwa mara nne tu. Nijue nini kabla ya kulipa?

Jibu: Dada yangu, umefanya vyema kuuliza mapema. Matatizo uliyoyaeleza ni mawili, na ingawa yote yako usoni, hayatibiwi kwa njia moja. Nywele za kidevuni zinaweza kupungua sana kwa leza inayofaa. Madoa ya mashavuni, kwa maoni yangu, yasiguswe na leza yoyote kwa sasa.

Leza ya nywele huwinda rangi. Mwanga wake hupenya ngozi, hunyonywa na melanini, yaani rangi ya asili iliyomo ndani ya unywele, hugeuka joto, na joto hilo huharibu shina linalootesha unywele. Kanuni hii ilielezwa na Rox Anderson na John Parrish wa Boston mwaka 1983, na hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Ugumu kwetu sisi wenye ngozi nyeusi ni kwamba melanini imejaa pia katika tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo mwanga usiochaguliwa kwa uangalifu hunyonywa hapo juu kabla ya kufika kwenye shina, na kinachoungua ni ngozi yenyewe. Matokeo yake ni malengelenge, mabaka meusi yanayokaa miezi mingi, au mabaka meupe ambayo pengine hayarudi katika rangi yake ya awali.

Kwa sababu hiyo swali lako la kwanza liwe juu ya urefu wa wimbi la mashine hiyo, unaopimwa kwa nanomita. Melanini hunyonya sana mawimbi mafupi, na kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo linavyopita tabaka la juu kwa usalama zaidi. Leza ya aleksandraiti hutoa nanomita 755, ya daiodi mara nyingi 800 hadi 810, na ile iitwayo Nd:YAG hutoa 1064. Kwa ngozi nyeusi ya kwetu, ambayo katika kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kwa madaraja sita kutoka nyeupe hadi nyeusi, huwa daraja la tano au la sita, Nd:YAG ndiyo salama kuliko zote. Daiodi hutumika pia, lakini katika mikono ya mtu mwenye uzoefu na ngozi kama zetu. Aleksandraiti nisingeiruhusu ikuguse. Jihadhari zaidi na taa ya IPL, ambayo mara nyingi hutangazwa kuwa leza ilhali si leza: hutoa mchanganyiko wa mawimbi, mengi yakiwa mafupi, na ngozi nyeusi huungua nayo kwa urahisi. Mhudumu asiyeweza kukutajia namba hiyo ya nanomita ya mashine yake hastahili kuielekeza usoni mwako.

Ahadi ya mara nne nayo haiendani na jinsi nywele zinavyoota. Leza huathiri unywele ulio katika kipindi cha kukua tu, na wakati wowote ule baadhi ya nywele za kidevu zimepumzika. Ndiyo maana tiba hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa kawaida mara sita hadi nane, na baadaye huhitajika marudio ya mara moja moja. Lengo la haki ni kupungua kwa muda mrefu, si kutoweka kwa kila unywele. Nywele nyeupe hazisikii leza hata kidogo, kwa kuwa hazina rangi ya kunyonya mwanga. Kibano ukiache angalau wiki nne kabla ya kuanza, kwani unywele uliong'olewa hauachi kitu cha kupitisha joto hadi kwenye shina. Wembe unaruhusiwa.

Hata hivyo, kabla ya leza ningependa tujue kwa nini nywele hizo zinaota. Ikiwa hedhi zako hazina mpangilio, ikiwa umeongezeka uzito, una chunusi zisizoisha au umepata shida ya kushika mimba, huenda homoni za ovari hazina uwiano mzuri, na vipimo vya damu pamoja na picha ya altrasaundi vitasaidia. Chanzo kisipotibiwa, mashina mapya yataendelea kuamka na utalipa bila kuona mwisho.

Sasa madoa. Krimu za kujichubua zinazouzwa mitaani mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), steroidi kali au zebaki, na Shirika la Viwango la Uganda limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hudhuru figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na isiyopona vizuri. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huweza kuacha weusi wa kibuluu mashavuni, unaotokana na uharibifu ulio ndani ya ngozi, ambao mgonjwa huuchukulia kuwa doa la kawaida na kuongeza krimu ileile iliyomdhuru. Ngozi iliyopitia haya ikichomwa kwa leza huitikia kwa kutengeneza rangi zaidi. Madoa yanayotokana na mimba au vidonge vya uzazi wa mpango nayo yana tabia hiyo: huweza kufifia kidogo baada ya leza, kisha yakarudi meusi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo mashavu yaanze kwa kupumzishwa. Usiache krimu ya steroidi ghafla ukiwa peke yako, maana uso unaweza kuvimba na kuwaka. Daktari atakupangia namna ya kuipunguza. Kila asubuhi paka kinga ya jua yenye nguvu ya SPF 30 au zaidi, namba inayoandikwa kwenye chupa, na ukiweza chagua yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao huchochea madoa katika ngozi nyeusi. Mstari wa ikweta unapita katika nchi yetu, na jua letu ni kali mwaka mzima, hata siku ya mawingu.

Kwa upande wa kidevu, sisitiza ufanyiwe jaribio sehemu ndogo, tuseme chini ya taya, kisha usubiri. Malengelenge huonekana upesi, lakini weusi wa baadaye huweza kuchukua wiki mbili hadi nne kujitokeza, hivyo jaribio la asubuhi linalofuatwa na tiba kamili jioni halina maana. Mweleze mhudumu ikiwa makovu yako huvimba na kuwa keloidi, ikiwa hupata vidonda vya malengelenge midomoni, ikiwa ni mjamzito, na dawa zote unazomeza, hasa doksisaiklini, ambayo huongeza wepesi wa ngozi kuungua kwa mwanga. Kidevu kiwe kisafi, bila vipodozi wala hina. Doa jeusi lililoinuka, linalokua au kubadilika lichunguzwe na daktari kwanza, kamwe lisipigwe leza. Macho yafunikwe, yako na ya mhudumu.

Krimu ya ganzi inahitaji neno lake. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya vifo vya wanawake wawili waliojipaka krimu kali za ganzi miguuni na kuifunga kwa plastiki kabla ya kwenda kuondolewa nywele kwa leza. Dawa hiyo hupenya hadi kwenye damu na kuvuruga moyo na ubongo. Kidevu ni eneo dogo. Kipoozeo cha mashine hutosha kwa watu wengi.

Baada ya tiba, uvimbe mdogo kuzunguka vinyweleo kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu makali yasiyotulia, malengelenge au ngozi kugeuka kijivu ni dalili za kuungua: poza kwa maji ya bomba, usiweke barafu wala dawa ya meno, na umwone daktari siku hiyohiyo.

Anayesimamia leza awe daktari aliyesajiliwa na UMDPC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno Uganda, mwenye leseni ya mwaka huu, na unayo haki ya kuomba kuiona. Kabla ya kurudi katika saluni hiyo, nenda kwanza kwa daktari wa ngozi, kwa mfano katika kliniki ya Hospitali ya Mulago, Kampala, ukiwa na makopo yote ya krimu ulizotumia, hata yaliyokwisha, kwa sababu yaliyoandikwa juu yake, au kutoandikwa kwake, ndiyo yatakayotuonyesha tuanzie wapi kutibu mashavu yako.