Tangi kwa Kifaransa: inategemea ni tangi gani

Pole na safari, kaka. Umeuliza ukifika Lubumbashi tangi uliiteje. Hakuna neno moja. Tangi la mafuta ya gari lenyewe ni le réservoir. Lile unalovuta nyuma ni la citerne, na lori lote ni camion-citerne. Hapo kuwa makini sana. Mimi nilimwambia fundi citerne inavuja, akapanda juu kukagua mzigo, kumbe dizeli inadondoka chini ya mlango wangu.

Pipa la lita 200 ni le fût, t haitamkwi. Dumu ni le bidon. Tangi lililosimikwa chini ya kituo cha mafuta: la cuve.

Karatasi za mzigo usizisaini kwa kubahatisha, wakala wako wa forodha azisome kwanza.