Kibao cha getini hakisomeshi mtoto

Ustadh, ni haramu Mwislamu kusoma elimu ya dunia? (Mbagala)

Si haramu. Nililijibu Ramadhani iliyopita, na ya kabla yake. Someni basi.

Nimemhamishia mwanangu shule ya Kiislamu ya kulipia, na dini wana vipindi viwili kwa wiki. Nimtoe madrasa? (Tabata)

Usithubutu. Shule nyingi za aina hiyo hapa mjini ni shule za kawaida zilizovishwa kanzu na hijabu, na Elimu ya Dini ya Kiislamu imegeuzwa somo la kuokotea alama kidato cha nne. Kuchomeka kipindi cha dini kati ya kemia na chakula cha mchana siko kuunganisha elimu.

Ila na madrasa nazo zisijichekelee. Juzi nilikaa kwenye darsa moja Buguruni. Kijana wa miaka 14 akaulizwa: mtu kafa, kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Akajibu papo hapo: mke thumuni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita), mtoto asaba, anachukua kinachobaki. Swadakta! Nikamwambia haya, mali ni shilingi milioni 12, wagawie. Akakodoa macho. Mali inakatwa mafungu 24, maana 24 inagawanyika kwa nane na kwa sita: mke 3, mama 4, mtoto 17. Kwa hiyo mke milioni moja na nusu, mama milioni mbili, mtoto nane na nusu. Hesabu za sehemu kazisoma shuleni miaka mingi, lakini kule mwalimu anagawa maembe, huku ustadh anagawa mirathi, na hakuna aliyemwambia kuwa hesabu ni ile ile.

Na wewe mzazi, tuisheni unalipa bila kunung'unika, ustadh akidai ada yake unamuuliza kama hafundishi kwa ajili ya Allah.

"Tafuteni elimu hata China" ni hadithi sahihi? (Ilala)

Dhaifu, na mwanachuoni Ibn al-Jawzi kaiweka kabisa kwenye hadithi za kutungwa. Ifuteni kwenye kuta za shule zenu. "Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu" ipo kwenye mkusanyo wa hadithi wa Ibn Majah, yatosha.

Binti yangu kahifadhi juzuu 20, sasa anataka udaktari. Sheikh wa mtaani anasema anapotea. (Temeke)

Mpelekee sheikh salamu za Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihyaa ameiweka tiba pamoja na hesabu kwenye faradhi kifaya (wajibu wa jamii nzima, wakiutimiza baadhi wengine wamesalimika), akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu Mwislamu ilhali watu wanasongamana kwenye fiqhi, elimu ya sheria za dini. Leo sheikh yule yule anayefoka kwamba mkewe kazalishwa na daktari mwanamume, muulize mabinti zake wamesomea nini. Chuo Kikuu cha Azhar chenyewe, kule Misri, kina kitivo cha tiba kilicholetwa na mageuzi ya 1961.

Lakini binti asizitupe hizo juzuu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa Qur'ani huponyoka upesi kuliko ngamia kwenye kamba zake.

Kuna fizikia ya Kiislamu? (Magomeni)

Hakuna. Na mnaobandika aya juu ya kila mada ya kemia, wanafunzi wanairuka.

Madrasa yetu ianzie wapi? Hatuna hela. (Kigogo)

Mwiteni mwalimu wa hesabu wa mtaani Jumamosi, akae ubaoni pamoja na ustadh, wafundishe mirathi wote wawili. Chaki mnazo. Chai na vitumbua nendeni mkachangishe baada ya Ijumaa.