Muulize Fundi: Gemu Mpya, Kompyuta ya Zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba kaniachia Dell OptiPlex 7010, kava la kusimama, prosesa i5-3470, RAM GB 4. Gemu mpya zinagoma. Nianze na nini? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiitupe. Kwanza fungua ubavu wa kava, usome stika ya pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Za kava hilo huwa wati 275. Hapo ndipo vijana wengi wanapounguza hela: wananunua kadi kubwa ya michoro, kumbe waya wa kuipa umeme hakuna. Tafuta kadi ya GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Inakula wati 75, na zote inazipata kwenye sloti ya mazabodi.

RAM ifikishe GB 16, iwe ya aina ya DDR3, kwa sababu ile mpya zaidi, DDR4, haiingii. Weka na SSD, ile diski ya kasi.

Prosesa ndiyo inayoniumiza kichwa. Ni ya 2012, haina AVX2 (seti ya maagizo ya kupiga hesabu kwa kasi ndani ya prosesa), na baadhi ya gemu mpya haziwaki bila hiyo, hata uweke kadi gani. Prosesa ya i7-3770 inaingia soketi ileile, lakini nayo haina. Kwa hiyo soma mahitaji ya gemu unayoitaka kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu huku kwetu pwani chumvi haina huruma. Kadi ya mtumba ikague meno yake kama yana kutu, na usilipe mpaka uione ikichezesha gemu mbele yako, nusu saa nzima, feni zikizunguka.